Gari la mazutu linawashwa jioni



Mwezi wa sita na wa saba, huku kwetu katika nchi ya migodi, tunajua mashika ni nini. Mgeni anatoka Kinshasa na shati moja nyepesi, siku ya pili tunamwona sokoni anatafuta koti. Alifikiri Kongo yote ni joto tu. Lakini Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita mita 1.400. Wakati wa kipwa mbingu haina wingu hata moja, na usiku joto lote la mchana linapanda na kupotea. Asubuhi unapata nyuzi 7, nyuzi 5, na katika mabonde ya mito chini kupita hapo. Watoto wanaenda masomo wakificha vidole ndani ya triko.

Na saa ile, mbele ya jua kutoka, kuna sauti moja tunayoisikia katika avenue zetu: demareri inalia, inalia, inalia, kisha inachoka. Ni gari la mazutu linakataa kuwaka. Jirani mwenye gari dogo la esansi amekwisha kwenda kazini. Yule wa pikapu ya mazutu amefungua kapo, watu wamemzunguka, na kila mmoja ana shauri lake.

Nataka tuzungumze juu ya neno hili. Labda mtu atasema: "Baba Pasta, mambo ya gari uwaachie mafundi." Namjibu hivi. Katika makao mengi ya wachimbaji, hospitali iko mbali, na pikapu ni miguu ya watu wote. Mchana inabeba mifuko ya unga na makala. Usiku inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye degedege, kijana aliyevunjika mguu ndani ya shimo. Wagonjwa hawa hawachagui saa. Mara nyingi wanakuja saa tisa, saa kumi za usiku, saa ile baridi inapokuwa kali kupita zote. Kwa hiyo kujua kuwasha gari katika baridi si maneno ya mashofere peke yao. Ni neno la uzima kwa jamaa zetu.

KWA NINI MAZUTU INAKATAA

Kwanza tuelewe moteri yenyewe. Moteri ya esansi iko na buji zinazopiga cheche, na cheche ndiyo inayowasha. Moteri ya mazutu haina cheche hata moja. Aliyeitengeneza ni Mjerumani Rudolf Diesel, na ile ya kwanza iliyotumika vizuri ilitengenezwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Werevu wake ulikuwa huu: hewa ikifinywa kwa nguvu, inapata moto yenyewe. Kijana aliyekwisha kutia upepo katika gurudumu la kinga anajua, maana mwisho wa pompi unachoma vidole.

Ndani ya moteri za mazutu za zamani, kama zile za pikapu nyingi zinazotembea huku kwetu, hewa inafinywa mpaka inabaki sehemu moja ya 20, ao ndogo kupita hapo. Joto lake linapanda mamia ya nyuzi. Hapo enjekteri inarusha mazutu kama ukungu, na ukungu ule ukikutana na hewa ya moto, unawaka. Ndivyo moteri inavyotembea. Neno lote liko hapa: pasipo hewa ya moto, hakuna kuwaka.

Sasa baridi inaingia kama mwizi, na inaiba katika mahali pane.

Mahali pa kwanza ni chuma. Moteri iliyolala nje usiku kucha ni chuma baridi kabisa. Hewa inafinywa, inaanza kupata moto, lakini kuta za chuma zinanyonya joto lile mara moja. Ni kama kumwaga maji ya moto katika sufuria iliyolala nje.

Mahali pa pili ni batri. Ndani ya batri, risasi na asidi zinatumika pamoja kutoa umeme, na baridi inapunguza mwendo wa kazi ile. Batri nzuri ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, inatoa karibu nusu tu ya nguvu yake ya siku ya joto. Huku kwetu hatufiki huko, lakini batri iliyochoka haingoji kufika huko. Inakufa kwa nyuzi 6.

Mahali pa tatu ni mafuta ya moteri. Tazama mafuta ya mawese asubuhi ya baridi jikoni, namna yanavyoshikamana ndani ya chupa. Mafuta ya moteri nayo yanakuwa mazito, na demareri inapaswa kuzungusha chuma chote katikati ya uzito ule. Basi unaona hasara mara mbili: saa ile moteri inapotaka nguvu nyingi kupita, batri ndiyo inatoa kidogo. Moteri inazunguka polepole, na hewa inayofinywa polepole inapata nafasi ya kutoroka kandokando ya pistoni na kupoteza moto wake.

Mahali pa nne ni mazutu yenyewe na maji yaliyo ndani yake. Nitarudi hapo.

Watu waliotengeneza moteri walijua shida hii, wakaweka msaada: vijiti vidogo vya chuma, kimoja katika kila silinda, vinavyopata umeme wa batri na kuwa vyekundu kama kaa la moto. Mafundi wetu wanaviita buji za preshofaje. Ncha yake inaweza kupita nyuzi 800. Ukizungusha ufunguo nusu, taa ya njano inawaka katika tablo, na mchoro wake ni kama waya iliyojikunja. Taa ile inakuambia: "Ngoja, ninapasha moto." Ikizimika, unawasha.

Lakini sikia neno hili, sababu linadanganya watu wengi. Katika magari mengi ya zamani, taa ile ni saa tu. Inahesabu sekunde kisha inazimika. Haijui kama buji zenyewe ni nzima ao zimekufa. Unaweza kuwa na buji nne, tatu zimeungua, na taa inawaka na kuzimika vizuri kila asubuhi kama mtumishi mwaminifu. Ukiamini taa peke yake, utashitaki batri, utashitaki pompi, utauza mbuzi kununua demareri mpya, na gari litaendelea kukataa.

USIKU MMOJA WA MWEZI WA SABA

Mwaka mmoja, katika mwezi wa saba, saa kumi za usiku, mtu alipiga mlango wetu. Alikuwa baba kijana, anachimba katika machimbo madogo kando ya mji. Alikuwa anatetemeka, nikajua si baridi peke yake.

"Baba Pasta, bibi yangu iko na uchungu tangu jana mangaribi. Gari ya jirani inakatala."

"Mulijaribu namna gani?"

"Yote, baba. Tulisukuma mpaka ku barabara. Hapana."

Gari la jirani lilikuwa jipya kupita la kanisa, tena kwa miaka mingi. Walikuwa wamezungusha demareri mpaka batri ikaisha. Kisha vijana kumi wakasukuma. Kisha mmoja akafanya yale aliyoyaona kwa wengine: alilowesha kitambaa katika esansi, akakiweka mbele ya mdomo wa hewa wa moteri, mwenzake akazungusha. Moteri ilipiga teke mara moja, moto ukarudi nje, ukamshika mkono mpaka kwenye kiwiko. Basi sasa walikuwa na wagonjwa wawili pahali pa mmoja.

Pikapu ya kanisa letu ni mzee. Rangi yake imetoka, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Lakini shofere wetu, mtu asiyesema mengi, ana desturi yake. Jioni ile, kama kila jioni ya kipwa, alikuwa ameilaza karibu na ukuta, mahali upepo haufiki, na pua yake ikitazama mteremko. Alikuwa amefunika kapo kwa blanketi ya zamani. Alikuwa ametoa maji chini ya filtre. Alikuja akikimbia, akaondoa blanketi, akapasha moto mara mbili bila haraka, akakanyaga ambreyaji, akazungusha. Moteri ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika.

Mama alilala nyuma juu ya matela, dada zake wawili wakamshika. Kijana wa mkono alikaa mbele, kitambaa chenye maji safi juu ya mkono. Mtoto alizaliwa hospitali mbele ya saa moja ya asubuhi, msichana. Kijana alikaa huko wiki mbili.

Kesho yake fundi alifungua gari la jirani. Buji mbili katika nne zilikuwa zimekufa, tena tangu siku nyingi. Hakuna mtu aliyejua, sababu wakati wa joto moteri inawaka hata kwa buji mbili, hata bila buji. Nimefikiri sana juu ya neno lile. Joto linaficha makosa, baridi inayafunua. Gari halikuharibika usiku ule. Liliharibika zamani, na usiku ule lilisema tu.

NAMNA WANAVYOFANYA KATIKA BARIDI YA KWELI

Baadaye nilimwuliza kijana mmoja wa kanisa letu aliyehamia Canada, katika jimbo la Manitoba. Huko mwezi wa kwanza, usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri si ajabu. Ananitumia sauti kwa simu. Alicheka sana aliposikia sisi tunaita nyuzi 5 baridi. Kisha akaniambia namna alivyoshangaa siku za kwanza: aliona kila gari liko na waya ya umeme inayotoka katika pua yake, kama ulimi, na katika viwanja vya kuegesha magari kuna nguzo zenye priza. Alifikiri magari yote ya Canada yanatembea kwa umeme.

Si vile. Ndani ya moteri kuna kipasha moto kidogo, na waya ile inakilisha. Kinapasha maji ya moteri, maji yanapasha chuma, na asubuhi moteri inafikiri iko katika siku ya joto. Kifaa cha namna hii kiliandikishwa Marekani mwaka 1949 na mtu wa North Dakota, Andrew Freeman, aliyekuwa anajua vizuri asubuhi za huko kwao. Saa mbili mpaka nne za umeme mbele ya kuwasha zinatosha. Katika Yakutsk, huko Siberia, baridi inapita hata ile ya Manitoba. Wengine wanaacha moteri ikitembea usiku na mchana, ao wanaifunika kwa blanketi nene iliyoshonwa kwa kazi ile.

Tena huko wanabadilisha vitu viwili tusivyovifikiri huku. Kwanza mafuta ya moteri. Tazama bidoni ya mafuta dukani: imeandikwa 15W-40, ao 20W-50, ao 5W-40. Namba iliyo mbele ya W inasema mafuta yatakuwa mepesi namna gani wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, mafuta yanabaki mepesi. Mtu wa Manitoba anatia 5 ao 0. Sisi tunapata 15 ao 20, na kwa baridi yetu 15 inafaa kupita 20. Lakini uangalie kitabu cha gari lako kwanza.

Pili, mazutu. Ndani ya mazutu kuna kitu kama nta ya mshumaa. Katika joto huioni. Baridi ikizidi, nta inaanza kujionyesha, mazutu inakuwa kama maji ya mchele, kisha filtre inaziba na moteri inakufa kwa njaa na tanki limejaa. Kwa sababu ile, vituo vya mafuta huko vinauza mazutu nyingine wakati wa baridi, iliyotengenezwa ili nta isishikamane upesi.

Huku kwetu, mbele ya kusema nta, utazame maji. Mazutu yetu inapita katika mapipa, katika bidoni, katika mikono ya wale tunaowaita Kadhafi kando ya barabara. Maji yanaingia. Vile vile tanki lisilojaa linashika hewa, na usiku wa baridi unyevu wa hewa ile unageuka matone na kushuka chini. Maji ni mazito kupita mazutu, kwa hiyo yanakaa chini, pale pompi inapovuta. Chini ya filtre za magari mengi kuna bisi ndogo ya kuyatoa. Watu wengi wana gari miaka kumi na hawajaigusa.

MASHAURI YANAYOUA

Nataka niseme wazi juu ya mambo manne, sababu nimeona matunda yake.

La kwanza ni esansi ya kitambaa, na pamoja nayo ile eteri inayouzwa katika kopo la kupuliza. Eteri inawaka upesi mno. Ikikutana na buji ya preshofaje iliyo nyekundu, inalipuka mbele ya saa yake, pistoni ikiwa bado inapanda. Pistoni inapasuka, ao mkono wake unapinda, na pengine moto unarudi usoni pako. Gari lenye buji za preshofaje lisipuliziwe eteri hata kidogo.

La pili ni mbabula chini ya moteri. Ninajua wengine wamefanya na gari limewaka. Katika vita kuu ya pili, wakati wa baridi ya mwaka 1941 kuelekea 1942, askari wa Ujerumani huko Urusi waliwasha moto chini ya malori yao. Lakini wao walikuwa wamefungwa na vita, wewe hujafungwa. Chini ya moteri kuna mafuta yaliyodondoka, kuna waya, kuna mpira wa mazutu. Tone moja, cheche moja, na gari limekwenda, pamoja na nyumba iliyo kando.

La tatu ni kuwasha ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wa moteri una hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Na hapa mama zetu wasikie vizuri: hewa ile ile inatoka katika makala ya mbabula, tena kwa wingi. Mashika yakizidi, watu wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaonekana kama hayana hatari, na hapo ndipo mtego. Mtu hasikii kitu. Anaumwa kichwa kidogo, anasinzia, haamki. Mbabula ibaki nje. Mtoto afunikwe na blanketi ya pili, ao alale pamoja na ndugu zake.

La nne ni kuzungusha demareri bila kupumzika. Ukizidi sekunde 15 kwa mara moja, demareri inapata moto ndani na batri inashuka. Zungusha sekunde 10, ngoja dakika moja ao mbili, pasha tena, kisha uzungushe. Dakika ile ya kungoja ni ngumu wakati mgonjwa analia. Lakini dakika moja ya kungoja ni bora kupita saa moja ya kusukuma.

KAZI YA JIONI

Zamani, katika shule ya Biblia, kulikuwa na mzee aliyetunza gari la shule. Sisi wanafunzi tulikuwa tunalisukuma mara kwa mara mbele ya yeye kulichukua, na nyuma yake hatukulisukuma tena. Tulipomwuliza dawa yake, alisema gari la mazutu haliwashwi asubuhi, linawashwa jioni. Hii ndiyo kazi yake, kama nilivyoiona kwake na kwa shofere wetu.

Mbele ya kipwa kuanza, mwezi wa tano, fundi apime buji zote za preshofaje moja moja. Kazi hii haiombi mashine kubwa. Anaondoa waya ya buji, anaunganisha taa ndogo ya nyuzi mbili kutoka kichwa cha batri chenye alama ya kujumlisha mpaka kichwa cha buji. Taa ikiwaka, umeme unapita. Isipowaka, buji imekufa. Ununue mpya kwa duka unaloliamini, sababu zile za bei ya chini sana zinaungua upesi.

Mwezi ule ule, safisha vichwa vya batri. Ule unga wa kijani na mweupe unazuia umeme. Ondoa waya, mwaga maji ya moto polepole, sugua kwa brosi, kausha, kaza vizuri, paka grisi kidogo. Usiguse macho, sababu kuna asidi. Mara nyingi batri inayosemwa "imekufa" ilikuwa chafu tu. Na ujue kwamba gari linalotembea kilometa mbili sokoni na kurudi halijazi batri. Linahitaji mwendo mrefu kidogo kila wiki.

Kila jioni ya baridi: jaza tanki kama una namna, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Toa maji chini ya filtre, hata kwa wiki mara moja. Zima redio na taa mbele ya kuzima moteri. Laza gari mahali upepo haufiki, na kama gari ni la zamani, pua yake itazame mteremko. Funika kapo kwa gunia ao blanketi, moteri ikiwa bado ina joto lake. Lakini uiondoe asubuhi mbele ya kuwasha, isije ikashikwa na mkanda ao kuungua.

Asubuhi: zima kila kitu kinachokula umeme. Zungusha ufunguo nusu, ngoja taa izimike. Kama baridi ni kali, rudisha ufunguo na upashe mara ya pili. Kanyaga ambreyaji mpaka chini, ili demareri isizungushe na mafuta mazito ya bwati ya vitesi. Kisha zungusha. Ikiwaka, usikanyage mazutu kwa nguvu ukifikiri unaipasha moto. Mafuta hayajapanda bado kila mahali, na chuma kinasugua chuma. Ngoja nusu dakika, dakika moja, kisha enda polepole mpaka joto lipande. Moshi mweupe kidogo ya kwanza ni mazutu isiyowaka, itaisha. Ukiendelea dakika nyingi, mwambie fundi.

NENO KWA VIJANA

Vijana wengi wananiambia wanataka kuwa mashofere wa malori makubwa ya migodi. Ni kazi nzuri. Malori yale nayo yanakunywa mazutu, na sheria ni ile ile kwa lori la tani mia na kwa pikapu ya mlango wa kamba. Anza na gari lililo karibu nawe. Muulize baba yako ao jirani yako akuachie kazi ya jioni: blanketi, maji ya filtre, vichwa vya batri. Hakuna anayekupigia makofi kwa kazi ile, sababu inafanyika gizani, na asubuhi inaonekana kama si kitu. Gari limewaka, basi.

Yule kijana wa mkono amepona, ngozi yake imebaki na alama. Siku hizi ndiye anayetoa maji ya filtre katika gari la jirani, kila Jumamosi jioni, bila kuambiwa. Na wewe unayesoma hapa, kama kuna pikapu katika avenue yenu, uende kesho umwulize mwenyewe swali moja tu: buji zake zilipimwa lini? Kama hajui, mashika hayajaisha bado. Kuna nafasi ya kupima mbele ya mtu kupiga mlango saa kumi za usiku.